Odundo na Baka la Moto

Mtungi wa maji uliochomwa uwanjani, kwa kuni na nyasi, kama ilivyo desturi kandokando ya Ziwa Victoria, mara nyingi hubaki na baka jeusi ubavuni, pale kuni zilipougusa. Mnunuzi haulizi, mfinyanzi haelezi. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi, Kenya, mwaka 1950, alilichukua baka la namna hiyo akalitia adabu, na nadhani aliliweza kwa sababu hakuanza na udongo. Alianza na penseli. Nairobi alifanya kazi ya michoro ya matangazo, na mwaka 1971 alikwenda Cambridge, Uingereza, kuiendeleza fani hiyo. Huko ndiko udongo ulikomnasa. Kutoka hapo alisomea ufinyanzi Farnham, hukohuko Uingereza, akaenda Abuja, Nigeria, kwenye kituo alichokianzisha Mwingereza Michael Cardew, akawatazama mfinyanzi Ladi Kwali na wenzake wakiinua mitungi kwa mikono mitupu.

Gurudumu halitumii. Huanza na bonge, hulitoboa kwa ngumi, huongeza pindi za udongo juu yake, kisha hukwangua kwa kipande cha kibuyu mpaka ukuta uwe mwembamba. Chombo kikianza kukauka hukisugua, hukipaka rojo la udongo laini, hukisugua tena. Mng'ao wote unatoka hapo. Hakuna dawa ya kioo iliyopakwa. Tanuri likipata hewa ya kutosha, chuma kilichomo udongoni hugeuka chekundu. Akitaka chombo cheusi, hukirudisha motoni ndani ya kasha lililofungwa pamoja na vipande vya mbao. Moto unakosa hewa, moshi unaingia udongoni. Rangi zikiwa chache hivyo, kazi yote inabaki kwa umbo: mdomo, shingo, tumbo, mstari mmoja unaosomeka hata kutoka mbali. Huo ni ujuzi wa mchoraji wa matangazo, na sioni kwamba aliuacha alipobadili kazi.

Wapo watakaosema ni urithi tu, kwani vyungu vya Urewe, vilivyopewa jina la mahali huko Siaya, Kenya, na kupatikana pia pande nyingine za ziwa, vilianza kufinyangwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Urithi upo, lakini njia aliyopita inaonyesha kwamba mkono wake ulifunzwa, tena mbali na ziwa. Pingamizi zito zaidi ni la bei: mwanamke wa kijijini hujenga kwa pindi zilezile, lakini halipwi kama Odundo; kama wahenga walivyosema, mfinyanzi hulia gaeni. Dhuluma ya soko siikatai. Ila vyombo hivi viwili havikutumwa kazi moja. Mtungi wa maji lazima utoe jasho ndipo maji yapoe, na moto wa uwanjani, mfupi na usio mkali sana, unauachia vinyweleo vya kutolea jasho hilo; anayeuita moto huo uzembe hajanywa maji ya mtungi. Chombo cha Odundo hakibebi maji, kwa hiyo kinaweza kusuguliwa kwa muda wowote na kuchomwa mara ya pili na ya tatu. Na baadhi ya vyombo hivyo hutoka tanurini na rangi mbili, wekundu ukififia polepole begani hadi kuwa weusi, naye huviacha hivyohivyo.