Steringi Hafi, Msimulizi Je?

Jamani, sisi tunaolilia maduka ya kukodisha mikanda ya video ya Makambako na Njombe, tunalilia nini hasa? Si deki. Tunalilia msimulizi. Tuliamini steringi hafi, kumbe Titanic (1997) steringi anakufa! Lufufu akaisimulia kwa Kiswahili, akieleza, akitania, akiongeza ya kwake, tukakikubali kifo kile. Wapo waliosema anaharibu picha. Kweli, maneno yake yalimeza ukimya wa waigizaji. Lakini ile ilikuwa fasihi simulizi, nasi tuliidharau. Leo picha zimo kwenye simu. Hakuna wa kumrudishia mkanda mkabishana. Mwandishi kijana, acha kulilia duka. Simulia ukijua kwamba msikilizaji akichoka, anainuka anaondoka.