Jedwali Linalofika Salama

Tuseme ni kampuni ya vifaa vya ujenzi yenye matawi kuanzia Mwanza hadi Mtwara. Kila siku ya kazi, saa moja asubuhi, mameneja wa matawi hufungua barua pepe na kukuta jedwali la mauzo ya jana: kichwa cha bluu iliyokolea, mistari inayopishana nyeupe na kijivu hafifu, jumla kwa herufi nzito. Hakuna aliyekaa kuliandika. Programu imechota takwimu kwenye hifadhidata, ikalipanga jedwali, ikalituma. Meneja hutazama mstari wa tawi lake, kisha huendelea na shughuli zake. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya fundi, na nataka niisifu bila haraka, maana wanaolisoma jedwali hawana sababu ya kujua yaliyofanyika ili lifike likiwa zima.

Aliyezoea kutengeneza tovuti hudhani kazi hii ni nyepesi. Tovuti husomwa na vivinjari ambavyo siku hizi vinakubaliana karibu katika kila jambo. Barua pepe haina bahati hiyo. Mwaka 2007 Outlook ya Windows iliacha kuchora barua za HTML kwa injini ya Internet Explorer, ikaanza kutumia ile ya Word, programu ya kuandikia nyaraka. Ndani yake kona za mviringo hazionekani, na nafasi zilizopangwa kwa uangalifu hubanana. Gmail nayo kwa miaka mingi iliyafuta maelekezo ya mitindo yaliyokusanywa juu ya ukurasa. Ilianza kuyakubali mwaka 2016, na hata sasa si katika kila hali. Toleo jipya la Outlook limeachana na Word, lakini la zamani bado limo kwenye kompyuta nyingi za ofisini, na mara nyingi anayelitumia ndiye mkurugenzi.

Kwa hiyo fundi haandiki mtindo mahali pamoja akategemea uenee. Huuandika kwenye kila seli: rangi, ukubwa wa herufi, nafasi ya ndani, mstari wa chini. Msusi wa mikeka hapaki rangi juu ya mkeka uliokwisha kusukwa. Kila ukindu huingia kazini ukiwa umeshatiwa rangi yake. Seli za barua pepe ni hivyo hivyo. Popote zitakapofunguliwa, zimekuja na rangi zao.

Wengi hufanya kazi hii kwa Python, lugha ya kuandikia programu, wakitumia pandas, maktaba aliyoianza Wes McKinney mwaka 2008. Ndani yake mna kifaa kiitwacho Styler, ambacho huweza kupaka rangi nyekundu hafifu kwenye kila tawi lililoshuka, au kuonyesha ukubwa wa mauzo kwa mlia ndani ya seli. Ila Styler huyaweka maelekezo yake juu, mbali na seli, kwa sababu kilifikiriwa kwa ajili ya kivinjari. Hapo inahitajika programu nyingine, kama premailer, ya kuyachukua maelekezo hayo na kuyanakili seli moja baada ya nyingine.

Unakili huo una gharama. Mstari wa safu nane, kila seli ikibeba herufi 120 za mtindo, ni karibu kilobaiti nzima. Mistari mia moja ni kilobaiti mia moja. Gmail hukata ujumbe unapozidi kilobaiti 102 hivi na kuficha sehemu iliyobaki nyuma ya kiungo. Kinachofichwa ni mwisho wa jedwali, yaani jumla, namba ambayo mkurugenzi alifungua barua kuitafuta. Ndiyo maana katika ripoti zilizotengenezwa vizuri utaikuta jumla juu, mistari ishirini au thelathini inayofuata, na orodha kamili kwenye faili la Excel lililoambatishwa.

Halafu kuna jambo ambalo hunifanya niwaheshimu zaidi mafundi hawa. Kanuni za barua pepe zinasema mstari mmoja wa ujumbe usizidi herufi 998. Msimbo wa jedwali lenye mitindo kwenye kila seli unaweza kutoka wote ukiwa mstari mmoja mrefu. Seva ikikutana nao njiani huweza kuukata popote, na baadhi ya seva huacha alama ya mshangao pale zilipokata. Mkato ukiangukia katikati ya lebo, seli moja hupoteza umbo. Ukiangukia katikati ya tarakimu, mauzo ya Mbeya husomeka na alama isiyoeleweka. Anayelitafuta kosa hilo kwenye takwimu atatafuta hadi achoke, kwa kuwa takwimu ni safi. Fundi anayelijua husimba ujumbe kwa quoted-printable, njia inayovunja mistari kwa utaratibu kabla haijazidi herufi 76, ikaiunganisha tena kwa msomaji. Njia hiyo imo katika MIME, kanuni ya mwaka 1992 iliyoandikwa na Nathaniel Borenstein na Ned Freed.

Uzuri ninaoupenda kuliko wote umo katika namba. Shilingi zetu zina tarakimu nyingi, na 12,450,000 na 1,245,000 hutofautiana kwa jicho pale tu zinapoegemea kulia, koma chini ya koma. Tarakimu zote za Arial zina upana sawa, kwa hiyo safu husimama wima. Georgia ni fonti nzuri kwa kusoma, lakini tarakimu zake hupanda na kushuka. Kwenye jedwali la mauzo huchosha macho. Kati ya sarafu na kiasi huwekwa nafasi isiyokatika, ili simu ndogo isiiache TZS peke yake mstari wa juu. Na seli isiyo na kitu? pandas ikiachiwa yenyewe huandika NaN, na safu ya wateja 12 hugeuka 12.0 kwa sababu tu tawi moja halikuleta hesabu. Fundi huirudisha 12, na pale palipokosekana huandika “haijapokelewa”. Sifuri angeiweka tu endapo duka lingefunguliwa lisiuze kitu.

Rangi hutumika kwa uchache. Wako wasomaji, hasa wanaume, wasiotofautisha nyekundu na kijani, hivyo tawi lililoshuka hupewa pia mshale. Rangi ya herufi na ya nyuma yake hutajwa pamoja, kwa kuwa simu iliyo katika hali ya giza ikigeuza moja tu, maandishi hufifia. Vichwa vya safu huandikwa kama vichwa kwenye msimbo wenyewe, ili programu inayomsomea asiyeona imtajie “Mauzo, Tanga” kabla ya namba.

Linabaki suala la saa. Seva nyingi huhesabu kwa UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo barua ya saa moja asubuhi hupangwa kwenye cron, programu inayoanzisha kazi kwa saa zilizowekwa, ianze 04:00. Na chini ya kichwa cha jedwali fundi huandika takwimu zilichukuliwa tarehe gani na saa ngapi za Afrika Mashariki, kwa sababu barua hupelekwa mbele, na wiki ijayo jedwali hilo litakuwa mbele ya mtu asiyejua lilitoka lini.