Kifua kikilia, tuulize kinaliaje

Katika kijiji cha Raila, Kibera, au kule Kawangware, mzazi hamwambii daktari kuwa mtoto ana 'sauti zisizo za kawaida wakati wa kupumua'. Husema: "Daktari, kifua ya mtoto inalia. Usiku anakoroma." Mwalimu wa sarufi atakimbilia kusahihisha: kifua kinalia. Sawa, ngeli imevunjwa. Ila kwangu mimi, Kiswahili kibovu zaidi ni kile cha 'sauti zisizo za kawaida'. Kina sarufi safi na hakisemi lolote.

Tazama, msomaji. Mluzi mtoto anapotoa pumzi huashiria njia za hewa zilizobana, kama ilivyo katika pumu. Mkwaruzo mkali anapovuta pumzi hutoka juu, kooni. Ukisikika mtoto akiwa ametulia, hiyo ni dharura. Kuna pia mchakacho mdogomdogo, kama bisi zikipasuka mbali, ambao aghalabu husikika kwa stetoskopu tu, na humfanya daktari ashuku nimonia. Mluzi, mkwaruzo, mchakacho: maneno tunayo. Mfasiri ameyatupa yote kapu moja.

Mfaransa René Laennec, aliyebuni stetoskopu mwaka wa 1816, alizilinganisha sauti hizo na vitu vya nyumbani; mchakacho aliufananisha na chumvi inayopasuka kwenye chombo cha moto. Mbele ya wagonjwa aliacha neno râle, kwa kuwa liliwakumbusha mkoromo wa anayekata roho, akatumia la Kilatini, rhonchus. Nalo maana yake? Kukoroma! Mama wa Raila hajapotoka sana, basi.

Kweli, sikio pekee halitoshi. Wahudumu huhesabu pumzi: mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50 kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, anapumua kasi mno. Hutazama pia iwapo sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi. Mbona basi tumwandikie mzazi 'kupumua kwa shida' tu?

Hata 'kichomi', jina ambalo wengi huita nimonia, lina walakini. Limetokana na kuchoma, yaani maumivu anayoyasikia mgonjwa mwenyewe. Mtoto wa miezi mitatu hawezi kusema anachomwa. Kifua chake, hata hivyo, kinalia.