Wanaoushika Mwendo

Mpiga ngoma wa mganda hatakiwi kukimbia. Mbele yake wanaume wamejipanga kwa safu, soksi zimevutwa hadi magotini, vibuyu vya kupuliza viko midomoni, na kila mguu unangoja pigo lake. Akiharakisha kidogo tu, safu inavurugika, na watu wa Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa, waliokua na ngoma hiyo wanaliona kosa papo hapo.

Mganda ni wa ukoo wa beni, ngoma zilizoiga bendi za kijeshi, na ndani yake mna hatua za askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Vita hivyo vilifika ziwani mapema. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani ikiwa imepandishwa nchi kavu pale Liuli. Kwata za miaka hiyo wanakijiji walizigeuza mchezo wao.

Mwendo wa haraka wa gwaride huwa karibu mapigo 120 kwa dakika. Ajabu ni kwamba roki nayo imejenga hapo hapo: nyimbo zake nyingi huwa kati ya 110 na 140. Panki hupanda juu zaidi. Ramones mwaka 1976 walikuwa wakikaribia 180. Metallica, bendi ya roki nzito, katika “Master of Puppets” ya 1986, walivuka 200. Black Sabbath walishika njia nyingine, wakaacha gitaa lijikokote kwa uzito.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja mwaka 1946. “Don't Stop Me Now” ya bendi yake, Queen, inakwenda kwa takribani mapigo 156. “We Will Rock You” ya 1977 haizidi sana 80, na karibu wimbo mzima ni sauti za waimbaji, miguu na makofi tu. Lakini ndiyo inayotikisa viwanja vya mpira. Nguvu yake imo katika kile kimya kati ya pigo na pigo, na hapo ndipo mpigaji hupimwa, maana kwenye mwendo wa taratibu hakuna wingi wa sauti wa kuficha mkono uliochelewa. Mpigaji wa namna hiyo anastahili heshima kubwa.

Siku hizi kipima mapigo kinapatikana kwenye simu. Vijana wanaorekodi mganda Ngumbo, Liuli na Mbamba Bay waandike pia mwendo wa kila kikundi, wakati wazee wanaoijua kazi hiyo wangalipo.