Mlima wa Kuazima

Twiga wawili wamepishana shingo. Nyuma yao mgunga mweusi, nyuma ya mgunga anga linalotoka njano, likaingia machungwa, likaishia jekundu, na juu ya yote Kilimanjaro na theluji yake. Picha hii imetundikwa mapokezi ya nyumba moja ya wageni hapa Levolosi, Arusha. Shuka mjini hadi kwenye maduka ya vinyago utaikuta tena na tena, mara twiga wamegeuka tembo, mara imepunguzwa ili ienee kwenye begi la mtalii. Wajuzi wengi wa sanaa huitazama mara moja wakasema ni nakala, wakapita. Mimi nadhani hapo ndipo kazi ya mhakiki inapoanza, maana ndani ya picha hiyo moja mna nakala za aina mbili, na hazipatani.

Ya kwanza ni nakala ya mkono. Twiga hawa ni wa ukoo wa Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi vya mraba, takriban sentimita 60 kwa 60. Hakupata miaka mingi ya kuchora. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Jamaa na wanafunzi aliowaachia brashi waliendelea, na mwaka 1990 wakawa na ushirika wao Oysterbay. Katika picha nyingi za Tingatinga mwenyewe ubao hupakwa rangi moja, kisha mnyama huwekwa juu yake akijaa karibu kugusa kingo. Hakuna mbali wala karibu. Mnyama hayuko mbugani, yuko kwenye rangi.

Mtindo kama huo hauishi bila kuigwa, na kwa Waswahili hilo si geni: mshairi anayetunga kwa mizani kumi na sita haombi radhi kwa waliomtangulia. Tazama madoa ya twiga wa Levolosi. Brashi imewekwa, ikakandamizwa, ikainuliwa, basi. Kila doa lina tumbo nene na ncha nyembamba; shingoni yanasinyaa, ubavuni yanapanuka, na hakuna hata moja lililorudiwa kusahihishwa. Rangi ya mafuta haimpi nafasi mtu wa kusitasita. Aliyechora hapa ameshachora twiga wengi mno, na wingi huohuo ndio uliompa mkono.

Sasa inua macho uutazame mlima, nakala ya pili. Kilele cha Kibo kimekaa katikati, cha Mawenzi kushoto kwake. Mtu wa Moshi atashtuka, kwa kuwa yeye huiona Mawenzi kulia. Ili uione kushoto sharti usimame kaskazini, upande wa Kenya, kule Amboseli ambako wapiga picha huvizia tembo wapite mbele ya theluji. Mchoraji wetu hakuuona mlima huu kwa macho yake. Ameutoa kwenye kalenda au postikadi. Na kamera iliyosimama Kenya imekuja na sheria zake: cha mbali kififie, miteremko iingie ukungu, rangi za anga ziyeyukiane polepole. Twiga wanataka ukuta nyuma yao, mlima unadai kina. Hapo ndipo picha inapochanika, na nashuku mgunga ule mweusi umepandwa pale katikati kuficha mshono.

Wapo wasanii ambao kwao mshono ndio kazi yenyewe. Sherrie Levine wa Marekani alipiga picha upya picha za Walker Evans, akazionyesha New York mwaka 1981 kwa jina lake. Karibu nasi zaidi ni Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar, 1954, aliyekulia Uingereza. Katika *Freedom and Change* ya mwaka 1984 aliwachukua wanawake wawili wa Picasso wanaokimbia ufukweni, akawafanya weusi. Mbio ni zilezile, miili si ileile, na mtazamaji anapaswa kuwaona wote wanne kwa pamoja. Mtoe Picasso, kazi inapungua nusu. Itoe kalenda kwenye picha ya Levolosi, hakipungui kitu; twiga wanapata kupumua.

Sheria nayo ina kichekesho chake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 hulinda kazi iliyotengenezwa na mtu, hailindi mtindo. Kwa hiyo twiga, wanaodharauliwa kuwa wa kuiga, hawana kesi. Mwenye mashaka ni mlima, kwa sababu huenda nyuma yake yuko mpiga picha mwenye haki yake.

Simlaumu mchoraji kwa kutaka kuuza. Mtalii amekuja na Kilimanjaro kichwani, na kodi ya chumba haingoji. Ila uhakiki haupimi shida ya mtu, unapima ubao, na ubao huu unasema wazi: alipoiga mkono amechora, alipoiga lenzi amejaza nafasi. Meru ina zaidi ya mita 4,500 na imesimama juu ya mji huu, kilele chake kimekatika ubavu mmoja, umbo ambalo brashi ya Tingatinga ingelimaliza kwa mikupuo miwili mitatu. Sijaiona bado kwenye picha ya namna hii. Mchoraji atakayeiweka nyuma ya twiga wake, bapa, rangi moja, bila ukungu, aniletee. Nitainunua.