Mlima wa Ntiro una watu

Ukimtaja Tingatinga, hata kondakta wa basi la Katesh atakuambia anamfahamu. Mtaje Sam Ntiro uone. Kimya! Niliwauliza wenzangu saba hapa Mbulu, wote wamemaliza kidato cha nne kama mimi. Hakuna aliyewahi kulisikia jina hilo.

Ntiro alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma uchoraji Makerere kwa Bi. Margaret Trowell, akafundisha hapo hapo, na kati ya 1952 na 1955 akawa Slade, chuo cha sanaa cha London. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, akawa balozi wetu wa kwanza Uingereza. Alifariki mwaka 1993. Picha yake ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, aliyoichora mwaka 1956, ilinunuliwa na Museum of Modern Art ya New York mwaka 1960. Mimi nimeiona kwa nakala tu, kwenye simu.

Rafiki yangu alipoiona alicheka: "Hii si kachora mtoto wa darasa la tatu?" Ni kweli, watu ni wadogo na sura zao hazisomeki. Lakini bwana, mtu aliyetoka Slade hashindwi kuchora pua. Aliamua. Nikamwonyesha babu picha ile ile. Hakusema nzuri wala mbaya. Aliuliza tu, "Harusi ni ya nani?"

Hapo ndipo nilipomwelewa Ntiro. Kadi za watalii huonyesha kilele na theluji, basi. Kwa Ntiro kilima ni njia ya watu, migomba ni jasho la mtu, na usiku una shughuli zake. Ukitazama mandhari yake unataka kujua habari za wenyeji.

Sasa nijisute mwenyewe. Sura ya kwanza ya riwaya yangu ilikuwa na kurasa mbili za Mlima Hanang "uliojifunika shela ya mawingu", bila hata mchunga mbuzi mmoja. Nilikuwa naandika kadi ya watalii! Na hii ni baada ya tarehe 3 Desemba 2023, matope ya mlima huo huo yaliposhuka Katesh na kuua watu zaidi ya 80.

Hata hivyo nina ugomvi na mzee Ntiro. Katika picha zake nilizoziona, vijiji vina amani mno. Watu wanalima, wanavuna, wanabeba mizigo. Hakuna anayegombea mpaka wa shamba, hakuna mwenye msiba. Sisi tunaoandika chini ya Hanang hatuwezi kumfuata mpaka hapo. Tuazime macho yake, lakini vilio vyetu tuviandike wenyewe.

Kurasa zile mbili nimezichana. Sura inaanza upya na mama anayepanda kutafuta kuni. Na wewe mwenzangu, kilima cha kwenu umekiandika na watu wake, au kitupu?