Thanos Hajui Hesabu, na Hakuna Aliyemwambia

Tahadhari kwanza: kama bado hujaiona Avengers: Infinity War, humu nimemwaga kila kitu. Ila muvi ni ya 2018, muda wa kuiona ulikuwepo.

Sheria ya kibanda umiza kila mtu anaijua: steringi hafi. Anaweza kupigwa risasi, akaanguka kutoka ghorofani, akazama mtoni, lakini dakika za mwisho atanyanyuka na kumaliza kazi. Infinity War ilionekana kuivunja sheria hiyo hadharani. Black Panther anamnyooshea Okoye mkono na kugeuka vumbi. Spider-Man anaishia mikononi mwa Tony Stark, akilia kwamba hataki kuondoka. Adui anabaki ameketi nje ya nyumba yake, anaangalia jua. Watu walitoka ukumbini wakilalamika kwamba steringi wamekufa. Mimi nasema sheria haikuvunjwa hata kidogo, kwa sababu steringi wa muvi ile ni Thanos.

Hebu fuatilia uone. Nani ana lengo tangu dakika ya kwanza? Thanos. Nani anasafiri sayari hadi sayari, anapata vikwazo, anapoteza kitu anachokipenda, na mwisho anapumzika? Ni huyo huyo. Akina Captain America kazi yao ni kumzuia tu. Na hapa lazima niwape heko waandishi, Christopher Markus na Stephen McFeely, pamoja na waongozaji, ndugu wawili Anthony na Joe Russo. Dakika 149, mashujaa zaidi ya 20, sayari kadhaa, na bado mtazamaji hapotei njia. Siri ni yale mawe sita. Kila jiwe linaloingia kwenye glavu unajua safari imefikia wapi na limegharimu nini. Ni mbinu rahisi kama kuhesabu magoli, na inafanya kazi.

Kwa hiyo kama swali ni je, muvi inajua kusimulia, jibu langu ni ndiyo, kwa upande wa adui. Shida iko upande wa pili, na inaanzia kwenye uamuzi mmoja wa waandishi.

Kwenye kitabu cha katuni cha Jim Starlin, The Infinity Gauntlet cha 1991, Thanos anaua nusu ya viumbe ili kumfurahisha Kifo, ambaye humo ni mwanamke anayempenda. Ni wazimu wa mapenzi. Hauhitaji kujibiwa kwa hoja, kama ambavyo huhitaji takwimu kubishana na mtu aliyelogwa. Waandishi wa muvi wakaliondoa penzi hilo, wakampa Thanos hoja ya kiuchumi: ulimwengu una ukomo, rasilimali zina ukomo, viumbe wanaongezeka, kwa hiyo punguza nusu ili waliobaki wale washibe. Yaani walimvika nguo za Thomas Malthus, yule Mwingereza aliyeandika mwaka 1798 kwamba watu huongezeka haraka kuliko chakula. Ukishampa adui hoja, umejiwekea deni. Lazima mtu ndani ya hadithi aijibu.

Nafasi zilikuwepo. Kwenye chombo chake, Thanos anamwambia Gamora kwamba sayari yake sasa ni peponi na watoto wake wanashiba. Gamora anamwambia ni kichaa, na kwamba hawezi kuwa na uhakika. Basi. (Wenye kumbukumbu watakumbuka kwamba kwenye Guardians of the Galaxy ya 2014 Gamora aliorodheshwa kama manusura wa mwisho wa watu wake. Hao watoto wanaoshiba ni wa nani?) Kule Titan, Thanos anamwonyesha Doctor Strange jinsi sayari ile ilivyokuwa ya kijani kabla ya kuanguka, na kusema alitabiri yote. Strange anamkejeli kidogo, kisha ngumi zinaanza. Hakuna anayeuliza swali ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeuliza: kuanguka kwa Titan kunathibitishaje kwamba kuua nusu kungeiokoa? Ni mfano mmoja, hauna cha kulinganishwa nao, na shahidi pekee ndiye mshtakiwa. Bruce Banner yumo humo na PhD saba, kwa maelezo yake mwenyewe kwenye Thor: Ragnarok. Sisi moja tu inatutoa jasho. Shuri yumo, Stark yumo. Wote kimya.

Basi tuijibu wenyewe.

Mwaka 2018 duniani tulikuwa takriban bilioni 7.6. Nusu yake ni bilioni 3.8, idadi tuliyokuwa nayo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Maana yake kazi yote ile, mawe sita, binti kutupwa genge, imerudisha saa nyuma kwa chini ya miaka 50. Wapo wanaomcheka Thanos mtandaoni wakisema angeongeza rasilimali mara mbili badala ya kuua. Kuua ni uovu na kuongeza si uovu, hilo halina ubishi, lakini kihesabu ni kitu kile kile: kama tatizo ni watu kuongezeka maradufu kila baada ya muda fulani, njia zote mbili zinakununulia huo muda mmoja tu.

Kuna jambo baya zaidi, na wanaosoma ikolojia watalitambua. Viumbe wakiwa wachache, wanaozaliana ni wachache. Wakijaa hadi ukomo wa malisho, njaa inawabana. Kasi kubwa ya kuongezeka iko katikati, na kwenye modeli rahisi inayofundishwa darasani iko pale pale penye nusu ya ukomo. Ndiyo maana nadharia ya zamani ya uvuvi ilimwambia mvuvi awapunguze samaki hadi karibu nusu ili kila mwaka avue wengi zaidi. Ukiwa umejaa hadi pomoni kisha ukaondoa nusu, umewasha injini ya kuzaliana kwa nguvu zake zote. Thanos anadhani ni daktari, kumbe ni mvuvi.

Na kwamba waliobaki wataishi peponi? Afrika Mashariki tulishaona vifo vya namna hiyo. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulipita huku ukitokea Pembe ya Afrika, ukaua sehemu kubwa mno ya ng'ombe, pamoja na nyati na nyumbu. Ng'ombe wachache, majani mengi: kwa hesabu ya Thanos, neema. Kilichofuata kwa Wamaasai ni njaa na ndui. Malisho yasiyo na mifugo yakageuka vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, na mbung'o wakafunga njia ya ng'ombe kurudi. Sasa geuza upande wa pili. Chanjo ya ng'ombe ilipoisukuma sotoka nje ya Serengeti, nyumbu walitoka kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni 1 mwishoni mwa miaka ya 1970. Je, mbuga iliisha? Nyumbu walipunguza majani, majani machache yakapunguza moto, miti ikaota upya. Na idadi yao ikatulia yenyewe kufuatana na malisho ya kiangazi.

Mwenye kumtetea Thanos ana hoja moja nzuri: baada ya tauni ya karne ya 14 kuua labda theluthi moja ya watu wa Ulaya au zaidi, mishahara ya vibarua Uingereza ilipanda kweli. Lakini tauni ile iliacha mashamba na ng'ombe pale pale. Thanos anaondoa nusu ya viumbe wote. Sahani zimepungua, na chakula pia.

Kasi ya kuongezeka kwa binadamu ilifikia kilele cha karibu asilimia 2 kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1960, ikashuka hadi kama asilimia 1.1 mwaka 2018. Iliyoishusha ni elimu ya wasichana, uzazi wa mpango, na watoto kuacha kufa wachanga, kwa hiyo wazazi hawana haja ya kuzaa wanane ili wabaki wanne. Ni sentensi moja tu. Ingetosha mdomoni mwa Shuri.

Utasema muvi ya ngumi haihitaji hotuba. Sawa, lakini angalia hadithi inapoteza nini. Jibu pekee la mashujaa ni kauli ya Captain America kwamba wao hawauzi maisha ya mtu mmoja ili kuokoa wengine. Ni kauli nzuri. Kisha ili Vision asife, wanajeshi wa Wakanda wanapelekwa uwandani na kuliwa na mazimwi, hatujui majina yao, na hakuna anayewahesabu. Muvi imemkosoa Thanos kwa kuhesabu watu kama nambari, halafu yenyewe ikashindwa hata kuhesabu. Ndiyo maana vijana wengi walitoka wakisema jamaa alikuwa na hoja. Hawakuambiwa vinginevyo, na wazo lenyewe, likitoka kwenye skrini, huwa linanyooshewa kidole huku kwetu kwanza.

Avengers: Endgame ya 2019 haikulipa deni. Ilimbadilisha tu Thanos: anaposikia waliobaki hawakumshukuru, anaamua kufuta ulimwengu wote na kuumba mwingine. Kwa hiyo hoja yake ikatupwa bila kujibiwa. Na kuna kitu kimoja kilinishangaza zaidi. Banner anafyatua vidole, na nusu iliyopotea miaka mitano inarudi kwa sekunde moja. Idadi ya watu imekuwa maradufu, mashamba yamelimwa kwa ajili ya nusu, nyumba zina wapangaji wapya. Ni siku pekee katika muvi zote mbili ambapo swali la Thanos kuhusu nani atakula nini lilikuwa la kweli kabisa. Tunaonyeshwa ndege dirishani, simu inaita, kisha makombora yanaanza kuanguka.